Baridi ya kupanda na baridi ya kukaa

Mdogo wangu alinipigia saa kumi jioni, ndiyo kwanza navua sare baada ya zamu. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Hakunisalimia. Aligeuza simu nikaona sakafu ya jikoni: maji yametanda, na pembeni karibu na mlango yalikuwa yameanza kuganda, meupe kama mafuta ya ng'ombe yaliyopoa kwenye sufuria. Nyuma yake nilimsikia shemeji akigonga koki kwa nyundo huku akimkataza mtoto asishuke kitandani. "Dada, bomba limepasuka," akasema. "Na fundi hatumjui hata mmoja."

Hiyo ilikuwa Januari, mwezi wao wa tatu katika mji wa Leadville, jimbo la Colorado, Marekani.

Wenyewe wameniruhusu niandike, mradi majina niyaache. Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Wodini, mgonjwa akipata tatizo ambalo lingeweza kuzuilika, tunakaa na kulirudia jambo lote toka mwanzo bila kutafuta mchawi. Nataka kufanya hivyo hapa, kwa sababu kila mwaka wapo watu wanaonijia na kusema, "Dada, na sisi tumepata viza ya kwenda kuishi nje, tuanzie wapi?" Karibu wote wanauliza tiketi na makoti. Familia hii haikupata shida ya makoti hata siku moja.

Nani angemfundisha huyu baridi?

Shemeji amefanya kazi mlimani Kilimanjaro miaka 14. Alianza upagazi, kilo 20 kichwani, akaenda akipanda hadi akawa mwongoza wageni. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, amefika mara nyingi hata ameacha kuhesabu. Anaweza kumtazama mgeni usoni pale Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, na kusema huyu atafika, huyu ateremshwe usiku huu huu. Kwa hiyo habari ya kuhamia mji wa theluji ilipokuja, ukoo mzima ulitulia. Jirani mmoja kule Kibosho alimuuliza mama kama watoto wataiweza hiyo baridi. Mama akajibu, "Mkwe wangu analala Barafu mara mbili kwa mwezi. Nani atamfundisha huyu baridi?" Nilikuwepo. Nilicheka, na nilikubaliana naye.

Safari yenyewe ilianza kama zinavyoanza nyingi. Alicheza bahati nasibu ya Green Card, kibali cha kuishi Marekani, akashinda, mke na mtoto wa miaka minne wakiwa kwenye fomu. Mgeni wake mmoja wa zamani, mzee aliyemfikisha kileleni miaka kadhaa nyuma, alikuwa na nyumba ndogo ya kupangisha Leadville. Akawaahidi kodi ya kuanzia iliyo nafuu, na akasema kazi za hotelini hazikosekani kwa mtu asiyechagua.

Leadville ni mji wa wachimbaji. Fedha, yale madini yenyewe, iliujaza watu miaka ya 1870 na 1880, na bei ya fedha ilipoanguka 1893 wengi wakaondoka. Jirani yake kuna mgodi mkubwa wa molibdenamu, madini ya kuimarishia chuma. Siku hizi wakazi hawafiki hata elfu tatu, na wengi wao huendesha gari alfajiri kuvuka milima kwenda kufanya kazi kwenye hoteli za mabonde ya pili, kule matajiri wanakoteleza kwenye theluji. Mji uko mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Moshi nitalisema hivi: ukipanda njia ya Marangu, kambi ya Mandara unaiacha mita 2,720 na ile ya Horombo unaikuta mita 3,720. Katikati ya hapo, pale unapotoka msituni na kuingia kwenye vichaka, ndipo kimo cha mji huo wenye shule, hospitali na kituo cha zimamoto.

Shemeji alipenda sana hesabu hizo. Jioni moja alikuja na simu mkononi, uso umemchangamka. "Shemeji, umeona? Mlima Elbert ndio mrefu kuliko yote katika safu nzima ya Rockies, na ni mita 4,401. Haufiki hata Barafu!" Ni kweli, Barafu ni mita 4,673. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nikiulizwa leo ni wapi jambo hili lilianza kwenda kombo, nitataja jioni ile, kwa sababu toka hapo hakuna aliyeuliza swali la pili.

Mwezi wa kuondoka

Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia bomba. Mimi natanguliza kalenda.

Mahojiano ya viza Dar es Salaam yalikuwa Juni. Viza ya namna ile kwa kawaida haizidi miezi sita toka mtu apimwe afya, hivyo walikuwa na nafasi ya kuondoka wakati wowote hadi Desemba. Wangeweza kwenda Julai. Lakini Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ambayo mlima umekauka, wageni ni wengi na bahashishi ni nzuri, na shemeji alitaka kumaliza msimu wa mwisho apate cha kuanzia. Nani angemlaumu? Tiketi tatu si mchezo. Akapandisha vikundi hadi Oktoba inaisha, wakaondoka katikati ya Novemba na mabegi yamejaa makoti mazito ya mitumba kutoka soko la Memorial hapa Moshi, ambayo nakiri yalikuwa mazuri kuliko niliyoyaona dukani.

Walifika theluji imeshashika. Katika mji ule msimu mmoja huleta theluji inayozidi mita tatu ukiijumlisha, huanza Oktoba na Mei bado ipo, na hata Juni mtu hashangai akiamka na kukuta weupe uani. Kwenye barabara kuu ya I-70 inayopita kaskazini yao, sheria ya kuwa na tairi zinazofaa theluji huanza Septemba 1 na kuisha Mei 31. Miezi tisa. Serikali yenyewe ndivyo inavyohesabu.

Kufika Novemba kuliwanyima nini? Ukifika Julai, unapata leseni ya udereva barabara ikiwa kavu. Shemeji aliipata barabara ikiwa barafu, huku akijifunza kukaa upande wa kulia. Ukifika Julai, watu wako nje. Unawaona wakipasua kuni na kupaka rangi, unasalimia, unaulizwa umetoka wapi. Novemba kila mlango umefungwa, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi huku tumezoea giza la saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hatujui kama giza nalo lina msimu. Mdogo wangu aliniambia kwamba wiki tatu za kwanza alizungumza na mtu mzima mmoja tu asiyekuwa mumewe, naye ni keshia wa dukani.

Jambo la kuni nimelielewa baadaye. Kuni za kupasha nyumba zinatakiwa zipasuliwe na kupangwa mapema, zipigwe na jua na upepo miezi mingi. Ukinunua Novemba unauziwa zilizobaki, nazo ni mbichi. Na kuni mbichi ndani ya jiko lenye bomba refu la moshi hazikusumbui macho tu kama jikoni kwa bibi. Moshi wake unaacha lami nyeusi ndani ya bomba, na lami hiyo siku moja hushika moto. Mzee mwenye nyumba aliwakataza kabisa wasiwashe jiko lile la kuni mwaka wa kwanza. Wakabaki na hita ya gesi peke yake.

Baridi unayoipita

Nimemsikiliza shemeji miaka mingi akisimulia usiku wa kilele, na sasa naona kitu ambacho sikukiona zamani. Mnaamshwa saa tano usiku, mnaondoka saa sita, mnatembea. Mwili unajipasha wenyewe kwa mwendo. Jua likichomoza mko karibu na kilele, mnapiga picha, na saa sita mchana mmesharudi kambini mnateremka. Keshokutwa yake uko Moshi unaoga maji ya moto na kuagiza mtori. Hata ikikubana vipi, baridi ile ina mwisho unaoujua saa yake. Na huko juu hauko peke yako. Kuna mpishi aliyekwisha kuchemsha maji na kuna wapagazi waliosimamisha hema. Kazi ya kuishinda baridi imegawanywa kwa watu kumi na wawili, nawe mwongozaji unajua kila mmoja yuko wapi.

Leadville baridi haipitwi. Usiku wa Januari kushuka nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na kesho yake hivyo hivyo. Unaamka nayo. Betri ya gari inakataa, unaparua vioo, unachota theluji kwa beleshi ili gari litoke, jioni imeanguka nyingine unachota tena. Hewa ni kavu mno. Mtoto alitokwa damu puani wiki ya kwanza na ngozi ya mdogo wangu ikapasuka kwenye vidole kama ya mtu anayefua kwa magadi. Halafu inakuja bili.

Bili ya Desemba ndiyo iliyovunja mambo. Nyumba ile ni ya zamani, na shemeji, kama mtu yeyote aliyelelewa Moshi, hawezi kulala bila kufungua dirisha kidogo. Nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Ya kule ilimpa hisia ya kufungiwa kwenye sanduku. Kwa hiyo walikuwa wanalipia gesi ya kupasha joto Milima ya Rockies. Alipoiona ile karatasi, akafanya alichokijua. Akafunga dirisha, akateremsha hita hadi karibu kuizima, akawakusanya wote watatu chumba kimoja, kila mtu na mfuko wake wa kulalia na soksi mbili mbili. Alinitumia picha. "Shemeji, tunalala kambini," aliandika, na mtoto alikuwa anacheka kwenye picha.

Nami nikamsifu. Naandika hili kwa sababu sitaki ionekane kosa ni la mtu mmoja. Mimi muuguzi nilitazama picha ile nikaona watu watatu wenye joto, nikaridhika. Watu walikuwa wamevaa. Nyumba ilikuwa uchi. Hema haina mabomba. Unaifunga asubuhi unaondoka nayo, na ikilowa unaianika. Nyumba ina maji yanayopita ndani ya kuta zake, nayo hayana soksi.

Bomba la jikoni lilipita ukuta wa kaskazini, chini ya sinki, ndani ya kabati lililofungwa. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu sehemu moja ya kumi. Aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anajua matokeo yake. Usiku ule walikuta bomba halitoi, shemeji akajua limeganda, akapandisha hita hadi mwisho akidhani anatibu. Kumbe bomba lilikwishapasuka, na barafu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba ufa. Ilipoyeyuka alfajiri, maji yakaachiwa.

Sufuria ya jirani

Aliyewaokoa asubuhi ile ni mama mmoja wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Mexico kama walivyo wengi wa wanaofanya kazi kwenye hoteli za huko. Mdogo wangu alitoka na kandambili kwenye theluji akamgongea. Mama yule hakuuliza maswali. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la korido ambalo wao walidhani ni la mafagio, akashika koki kuu iliyokuwa nyuma ya ndoo na kuizungusha. Maji yakakata. Koki ambayo shemeji alikuwa akiigonga kwa nyundo ilikuwa ya mashine ya kufulia.

Sasa, mama yule walijuanaje? Hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona mdogo wangu, ambaye mlimani hajawahi kupita Mandara, alivyomzidi mumewe.

Wiki ya pili alitaka kupika kande. Mahindi alipata ya kopo, maharage akaloweka usiku kama mama alivyotufundisha, akayabandika saa nne asubuhi. Saa kumi jioni maharage yalikuwa yanagonga sufuria kama kokoto. Akadhani ni maharage mabovu. Sababu ni kimo: hewa ikiwa nyepesi, maji yanachemka mapema, na pale Leadville yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Yanaweza kutokota siku nzima na bado hayana joto la kutosha kulainisha harage. Shemeji alilijua jambo hili vizuri. Wapishi wa mlimani hawapandi na maharage makavu. Lakini alilijua kama jambo la mlimani. Halikumjia jikoni kwake, mbele ya jiko la gesi na sinki.

Mdogo wangu hakusubiri ajue sababu. Alichukua bakuli la maharage yale magumu, akavuka uani, akamwonyesha jirani kwa ishara, kwa kuwa Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Jirani akacheka, akampa sufuria yake ya presha. Dakika 40, kande ikaiva. Mdogo wangu akarudisha sufuria na bakuli la kande ndani yake, maana kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Yule mama alikula akasema kwao wanapika kitu kinachofanana nacho, mahindi yale yale. Toka siku hiyo wakawa wanaitana "comadre", neno la Kihispania ambalo mdogo wangu aliniambia maana yake ni kama mtu na shoga yake aliyemsimamia mtoto ubatizo.

Shemeji muda wote huo alikuwa haulizi. Si kiburi cha ubaya. Kwa miaka 14 yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa. Mgeni akihisi kichwa anamuuliza yeye. Mpagazi akikosa soksi anamwendea yeye. Na yule mzee mwenye nyumba aliwahi kulia machozi mkononi mwake pale Stella Point, karibu na kilele. Angempigiaje simu mtu yule yule kumwambia kwamba hajui kuwasha gari asubuhi? "Nilikuwa naona aibu, shemeji," aliniambia baadaye, na hakuongeza neno.

Baada ya bomba, jirani aliwapa somo la nusu saa ambalo nililiandika nikiwa kwenye simu. Milango ya makabati chini ya sinki iachwe wazi usiku wa baridi kali ili joto la chumba lilifikie bomba. Bomba la mbali kabisa na mita liachwe litiririke, maji membamba kama uzi. Nyumba isishuke chini ya nyuzi 13 hata kama hamna mtu ndani. Gharama ya uzi ule wa maji ni ndogo kuliko fundi wa Jumapili, naye walimlipa.

Dalili zilizofanana

Februari ndiyo iliyonitisha kweli. Ya bomba ilikuwa hasara ya fedha. Hii ingekuwa msiba.

Dhoruba ya theluji ilikata umeme mchana. Hita yao inatumia gesi, lakini feni ya kusukuma hewa ya moto inatumia umeme, kwa hiyo ikazima. Kukawa na baridi ya haraka. Mdogo wangu, akikumbuka somo la mabomba, akaogopa nyumba kuganda, akawasha mafiga yote manne ya jiko la gesi kwa kiberiti, wakafunga madirisha, wakakaa jikoni. Kufika usiku kidude kilichobandikwa ukutani kwenye korido kikaanza kupiga kelele. Shemeji akadhani betri imeisha. Akakitoa, akakizima.

Walinipigia saa tatu asubuhi ya huku, kwao saa tano usiku, na hawakunipigia kwa sababu ya kidude. Walitaka kunijulia hali na kunionyesha theluji dirishani. Nikaona mtoto amelala mezani. "Kichwa kinamuuma na ametapika mara moja," mdogo wangu akasema, "hata mimi kichwa kinagonga." Shemeji akadakia nyuma, kwa utulivu kabisa: "Ni kimo tu, shemeji. Hewa nyepesi. Nimewaambia wanywe maji, walale."

Kichwa kuuma, kichefuchefu, ulegevu, usingizi usio wake. Kweli ni dalili za ugonjwa wa mlimani, na huyu amezitambua kwa mamia ya wageni. Ila mwili hukizoea kimo kwa siku na wiki za mwanzo. Watu waliokaa mita 3,100 miezi mitatu bila kutoka hawaugui kimo ghafla usiku mmoja, wote watatu pamoja, ndani ya chumba kimoja. Nikauliza, "Moto wa hilo jiko una rangi gani?" Mdogo wangu akageuza simu. Ulikuwa wa njano, unalamba juu, si ule wa bluu.

Nilipiga kelele hadi mwanangu akaja mbio kutoka chumbani. Zimeni. Tokeni nje sasa hivi, mbebeni mtoto, msivae viatu. Walienda kwa jirani. Zimamoto walifika, wakapima, wakafungua nyumba yote. Ilikuwa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Wote watatu walipewa oksijeni hospitali usiku ule na asubuhi wakaruhusiwa. Kidude alichokizima shemeji ndicho kilichokuwa kinawaambia hivyo. Katika jimbo lile, toka 2009 sheria inataka nyumba inayouzwa au kupangishwa iwe nacho.

Nimelipa jambo hili nafasi kubwa kwa kuwa si la Marekani peke yake. Kila kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu ukishakaa Kibosho, Machame na Marangu juu, watu wetu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Nimewapokea. Wengine wanaletwa wamechelewa. Tunasema "wamelala na jiko", nasi huku ukutani hatuna kidude cha kupiga kelele. Mtu akinisoma hadi hapa naye anaishi ukanda wa juu, jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limebaki makaa matatu.

Nimemuuliza shemeji alifikiria nini alipokitoa kile kidude. Alinyamaza, kisha akasema kwamba alisikia kelele akatafuta sababu kwenye mambo anayoyajua, na sababu ilikuwepo tayari. Nadhani hilo ni jibu la kweli kuliko yote niliyoyasikia katika kisa hiki. Asiyejua lolote kuhusu kimo angeshtuka na kuita watu. Yeye alikuwa na maelezo.

Msimu wa pili

Walitaka kurudi. Machi mdogo wangu alilia kwenye simu karibu kila Jumapili, na mama akaanza kusema nyumba ya Kibosho ipo, migomba ipo. Nilijizuia kuwashauri. Walichoamua ni kungoja kiangazi waone mji ukiwa umefunguka, ndipo waamue.

Juni mji ukafunguka. Shemeji alikata kibali cha kuokota kuni kwenye msitu wa serikali. Unalipia kidogo na kuruhusiwa miti iliyokwisha kufa, mambo ambayo akina mama wanaookota kuni nusu maili, ule ukanda wa msitu wa Kilimanjaro, wangeyaelewa bila mkalimani. Alienda na mume wa comadre, wakapasua na kupanga ukutani upande wa jua, magome juu. Fundi akasafisha bomba la moshi. Tairi za theluji alizifunga wiki ya mwisho ya Septemba, mapema kuliko jirani zake wawili, na alinitumia picha ya kila tairi. Kazi ya hoteli ameiacha. Anaendesha basi la wafanyakazi kuvuka Fremont Pass, mita 3,450, alfajiri na jioni. Abiria wapya wakipanda wakitetemeka, anawauliza wanakaa nyumba gani na kama wanajua koki kuu iko wapi.

Desemba hii wanakuja Moshi kwa Krismasi, kama Wachaga wote. Ufunguo wataacha kwa comadre, makabati ya sinki wazi, bomba la bafuni likitiririka uzi. Mimi ninachokiwaza ni kurudi kwao. Watoto wanaoishi kimo kile, wakiteremka wiki kadhaa kisha wakapandishwa tena kwa siku moja, baadhi yao mapafu hujaa maji, hata kama wamekulia huko huko. Madaktari wa Colorado wanalifahamu sana jambo hilo. Kutoka Moshi, mita 800 na kitu, hadi kitandani kwao ni kupanda zaidi ya mita 2,200. Nimewaambia walale kwanza Denver, ambayo ni mita 1,600, na wakifika nyumbani wamwangalie mtoto siku mbili tatu: akikohoa, akihema haraka akiwa ametulia, au akikataa kucheza, hospitali usiku huo huo, bila kungoja.

Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aniambie kwamba hayo anayajua, na kweli anayajua kuliko mimi. Akauliza, "Denver usiku mmoja unatosha, shemeji, au tulale mbili?"